Laini ya Saba

Ubao wa simu una matundu ishirini na manne,
na mimi, Lamara wa posta, niliyajua yote kwa vidole,
gizani, umeme ukikatika,
kama mtu ajuavyo meno yake kwa ulimi.
Moja, mwenyekiti wa shamba la serikali.
Tatu, daktari Platon.
Tisa, kituo cha barabara kule juu kwenye njia ya mlimani,
alikolala Vazha na katapila lake la kusukuma theluji
majira yote ya baridi, isipokuwa Jumapili.
Saba ni nyumba yake, ya mwisho bondeni.
Saba ni Tsiuri.

Kila saa tatu usiku kijibati cha tisa kilianguka: tak.
"Niunganishe na saba, dada."
Dada.
Nilichomeka waya, nikaziba kinywa cha simu kwa kiganja,
nikakaa.

Msidhani walisemezana mapenzi.
Ningesikia mapenzi ningetapika, ningepona.
Walisema: ndama amenyonya?
Walisema: paa linavuja upande wa jiko, nimetega sufuria.
Umekula?
Nimekula.
Umekula nini?
Maharage.
Kesho yake nami nilipika maharage,
nikayala nimesimama,
nikijiuliza kwa sauti, umekula? na kujijibu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Changu kilikuwa sikioni.
Kilianza kulia saa mbili na nusu, kikitaka kunyonya.

Nilianza kidogo. Nilichomoa waya katikati ya neno,
nikasema theluji imelalia nguzo, samahani.
Nilinunua kitambaa cha buluu kama chake.
Nilipita nyuma ya nyumba yake usiku, nikahesabu kuni zake.
Nilimtakia mabaya kwa utaratibu,
kama mtu anayefuma soksi.

Februari, usiku upepo ulipong'oa mabati ya shule,
kijibati cha saba kilianguka.
Saba haikuwahi kupiga. Saba ilipigiwa.
Nikachomeka.
"Daktari," akasema. "Damu haikatiki. Mtoto bado miezi mitatu."

Mtoto.
Majira mazima sikio langu limo ndani ya vinywa vyao,
na hilo walilificha wapi?

Tundu la tatu lilikuwa shibiri moja kutoka mkono wangu.
Nimelipima baadaye. Shibiri moja na kidole.

Nikanyamaza.
Naye akanyamaza, halafu akasema, polepole,
kama anayemwita paka aliye chini ya kitanda:
"Lamara. Najua upo. Kila usiku nakusikia unavyopumua.
Sikumwambia. Nilisema moyoni, mwache, hana mtu.
La mtoto tu ndilo tuliliweka la Jumapili.
Lamara, niunganishe."

Angenitukana, ningemwunganisha.
Ile huruma iliniingia kama maji ya moto kwenye jino bovu.
Nikachomoa waya.
Kijibati kikaanguka. Nikakipandisha.
Kikaanguka. Nikakipandisha.
Baada ya mara ya kumi na moja
hakikuanguka.
Nikatia sukari kwenye chai. Nikakoroga. Nikanywa.

Polisi waliandika: theluji, nguzo.
Daktari Platon alilia kwenye kaunta yangu
akisema nilikuwa macho, Lamara, nilikuwa macho nikisoma gazeti.
Nikampa leso.

Vazha hakurudi nyumba ile. Yuko kituoni,
hata sasa, majani yameota, na hakuna theluji ya kusukuma.
Saa tatu, tak.
"Niunganishe na saba, dada."
Namwunganisha.
Kengele inalia kwenye jiko lisilo na moto,
juu ya sufuria iliyokwisha kujaa,
naye anasikiliza, nami nasikiliza,
sisi wawili, waya mmoja. Si ndicho nilichokitaka.

Jana ililia kupita kawaida.
Hakukata. Nilisikia akivuta kiti.
"Unapumua kwa nguvu leo," akasema.
Hakuniita dada.